Kikombe ya Kwanza

CLÉMENT: Haloo? Haloo, ni nani huyu asubuhi hivi?

LÉONIE: Ni miye.

CLÉMENT: Miye nani? Hii namba siijue.

LÉONIE: Léonie. Yaya yako.

(Nyuma ya Clément jogoo inawika mara mbili.)

CLÉMENT: Yaya. Umelamuka muzuri?

LÉONIE: Nimelamuka, tunashukuru. Annie iko muzuri? Batoto?

CLÉMENT: Bote beko muzuri. Baridi tu njo inatusumbua huku Kambove. Unaita na simu ya nani?

LÉONIE: Ya Gauthier, ule dereva wetu wa tricycle. Yangu iko na unité ya kuita, lakini ungeona jina yangu ungeiacha ilie peke yake.

CLÉMENT: Singeiacha.

LÉONIE: Clément.

CLÉMENT: Bon. Labda ningeiacha. Tangu ubatizo ya mutoto ku Pasaka hatujaongea, yaya, na hata siku ile tuliongea mambo ya—

LÉONIE: Unité ya Gauthier haiko mingi. Acha nikuulize kintu moja. Ukiwa na munkoyo mbele yako na hauwezi kuionja, unaweza kujua kama iko muzuri?

CLÉMENT: Juu ya nini siwezi kuionja?

LÉONIE: Nasema tu kama.

CLÉMENT: Kama iko ndani ya chupa?

LÉONIE: Kama iko mu pipa, wazi, mbele yako. Kwa macho. Povu yake, rangi yake. Weye njo ulikuwa unasoma ile mambo ku internet.

CLÉMENT: Weye njo unaniuliza miye mambo ya munkoyo? Weye, yaya, mwenye kuitengeneza?

LÉONIE: Jibu tu, mudogo.

CLÉMENT: Kwa macho haiwezekane. Hata yenye mizizi yake imeoza iko na povu. Mama alikuwa anasema nini? Pua kwanza, kisha kinywa. Macho hakuisema hata siku moja. Kuko nini?

(Ku upande wa Léonie mulango ya bati inagonga. Anatembea, anapumua.)

LÉONIE: Leo masista banatoa matokeo ya batoto ku masomo. Balituomba mapipa tatu. Batoto mia tatu, na bazazi yabo. Gauthier anapakia kisha nusu saa.

CLÉMENT: Commande kubwa ile. Sasa shida iko wapi? Si uonje kama kila asubuhi. Bantu ya kazi banasimama mustari, mama patron anakunywa kikombe ya kwanza, anasema iko muzuri, bote banapiga mikono, kazi inaanza. Hata ku étiquette ya chupa iko pale, na picha yako: "Léonie ameonja."

LÉONIE: Usinicheke.

CLÉMENT: Sikucheke. Nasema vile iko.

LÉONIE: Haujasikia mambo ya juzi? Siku ya posho, samedi?

CLÉMENT: Hapana. Bon, kidogo. Annie aliona kintu ku WhatsApp, mambo ya dot moja, mahari ya binti, huko Katuba. Nilimuambia azime simu.

LÉONIE: Banasema nini?

CLÉMENT: Eleza weye. Ku WhatsApp kila muntu anaongeza chumvi yake.

(Clément anasema "haloo, haloo", kama ni réseau njo imekatika.)

LÉONIE: Niko. Unamukumbuka mama Abigaël, ule wa avenue yetu, wa kuuza bitenge? Ilikuwa dot ya binti yake. Alikuya kwangu akasema, bakwe yangu ni bantu ya Kasai, bamesoma, beko na heshima yabo, sitaki biere ifungue bantu kinywa mbele ya mambo kumalizika. Niletee munkoyo. Nikaleta bidon kumi. Nikavaa liputa yenye jina ya kampuni, na kitambaa ku kichwa. Nilisema siku ile hata bantu ya Kasai batajua Munkoyo Chanda ni nini.

CLÉMENT: Kweli, bale bantu bakipenda kintu—

LÉONIE: Ngoja. Bakwe banaingia, banakaa, banasalimia, yote kwa utaratibu. Mama Abigaël ananisimamisha katikati ya kiwanja, anasema, huyu njo mwenyewe anatengeneza. Na unajua desturi. Mwenye kuleta kinywaji anaonja wa kwanza, bakwe baone haina sumu. Nikamimina, nikakunywa yote mpaka chini. Nikapanguza kinywa na mukono, nikacheka muzuri, nikasema, iko sawasawa na ya mama yangu.

CLÉMENT: Kisha?

LÉONIE: Kisha muzee yabo, papa Mbuyi, akapokea kikombe yake. Akaweka mu kinywa. Hakumeza, Clément. Alikaa nayo vile, mashavu imejaa, anamuangalia bibi yake. Kisha akainama polepole, akairudisha yote mu kikombe, akatia kikombe chini karibu ya kiatu yake. Bibi yake alinusa tu, akafunika pua na kitenge.

CLÉMENT: Ilikuwa imeoza.

LÉONIE: Imeoza. Bidon yote kumi. Bananiambia harufu ilikuwa inafika mpaka ku barabara. Na miye nasimama pale na kikombe tupu, nacheka.

CLÉMENT: Ee Mungu, yaya.

LÉONIE: Papa Mbuyi hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama huku Katanga njo desturi kubakunywesha bakwe mayi ya nguruwe. Kisha bakasimama bote, mistari mbili, kama bantu banatoka ku misa. Bakasema batarudi siku familia itakuwa tayari kubapokea. Binti ya mama Abigaël alikuwa angali mu chumba, bamemuvalisha yote, anangojea bamuite. Hakuna muntu alimuita.

(Réseau inakwaruza. Sauti ya Clément inakuya kidogo kidogo.)

CLÉMENT: ...na mama Abi— ...alisema nini?

LÉONIE: Alikuya jana, siku ya Mungu, kisha misa. Nilijua atanitukana, nikatayarisha masikio. Hakunitukana. Alikaa ku kiti yangu, akasema, Léonie, kama haungekunywa, ningepata la kubaambia. Ningesema ni bidon, ni njia, ni mizizi. Lakini ulikunywa mbele ya bote na ukacheka. Sasa bakwe banasema mulijua. Ulikuwa unatuchukia tangu lini?

CLÉMENT: Ukamujibu nini?

LÉONIE: Nilimutafutia kitambaa.

CLÉMENT: Kitambaa ya nini?

LÉONIE: Ya kupanguza macho.

CLÉMENT: Lakini yaya, na Mwape? Mwape hakuonja? Ule mama anaweza kusikia muzizi yenye kuoza akiwa ku avenue ingine. Alikuwa anakoroga na mama yetu tangu tuko batoto.

LÉONIE: Mwape alijua.

CLÉMENT: Na hakusema?

LÉONIE: Alisema.

(Léonie anavuta mulango ya bati, anaifunga.)

LÉONIE: Siku ya posho asubuhi, mbele ya kikombe ya kwanza, alikuya pembeni yangu na muzizi mu mukono. Ile tulinunua kwa muuzaji mupya, juu ya ule wetu wa zamani alihama. Alisema chini chini, mama, hii mizizi imelala mubaya, nusa. Nikanusa. Nikasema, iko muzuri. Akasema, mama, nusa tena. Bantu bote bale saba banatuangalia. Nikamuuliza mbele yabo, weye Mwape, nani alikufundisha kuonja? Ku étiquette iko picha ya nani, yako ao yangu? Nikamuambia avue tablier aende kwake.

CLÉMENT: Mwape. Ulimufukuza Mwape.

LÉONIE: Eeh.

CLÉMENT: Vile ulinifukuza miye.

LÉONIE: Weye haukufukuzwa. Weye uliondoka.

CLÉMENT: Niliondoka? Yaya, nilipanda gari mpaka Kasumbalesa, nikaleta thermomètre, nikaleta ile vikaratasi ya kupima uchachu. Nikakuambia, hii haitaondoa mukono ya mama, itatusaidia tu siku mukono iko na homa. Ulizitia mu moto. Mbele ya bantu ya kazi, unapenda sana kufanya mambo mbele ya bantu. Ukasema—

LÉONIE: Najua nilisema nini.

CLÉMENT: Ulisema, weye Clément unapenda kampuni, miye napenda munkoyo. Bote bakapiga mikono. Hata Mwape alipiga mikono. Na leo niko huku ku dépôt, tangu asubuhi mpaka magaribi napima mawe ya madini ya bantu wengine. Kupima njo inanilisha.

LÉONIE: Clément, nilikuwa naamini. Nakuapia. Nilikuwa naamini munkoyo inajua muntu mwenye kuipenda. Tulianza na sufuria moja ya mama, weye na miye, mu kipwa kama hii, mikono inapasuka juu ya baridi. Nani alitusaidia? Hakuna. Ilikuwa ni mapenzi tu. Sasa uniambie vikaratasi njo—

CLÉMENT: Na miye sikupenda? Nani alikuwa anatwanga mizizi mpaka damu inatoka ku vidole?

LÉONIE: Ulipenda.

CLÉMENT: Sema tena.

LÉONIE: Ulipenda, mudogo. Nilijua ulipenda. Njo maana iliniuma.

(Honi ya tricycle, mara moja. Léonie anafunika simu, anasema na muntu, anarudi.)

LÉONIE: Ni Gauthier. Anasema bantu banaanza kufika.

CLÉMENT: Yaya, nikuulize na weye unijibu. Bantu bote balisikia harufu mpaka ku barabara. Weye ulikunywa mpaka chini. Ulicheka juu ya nini?

LÉONIE: Juu...

CLÉMENT: Sema.

LÉONIE: Juu sikusikia kintu. Sisikie kintu, Clément. Tangu ile homa ya mwezi wa pili. Niliamuka siku moja, harufu hapana, ladha hapana, yote imeondoka. Nakula bukari kama natafuna karatasi. Nanusa kitunguu, nanusa petroli, nanusa mutoto wa jirani akiwa amejichafua, ni upepo tu. Nikasema itarudi. Kila asubuhi nasimama pale, nakunywa kikombe ya kwanza, ni kama nakunywa mayi ya kunawa. Nasema iko muzuri. Nasoma macho ya Mwape. Macho yake ikiwa na furaha, najua iko muzuri. Miezi tano nafanya kazi na macho ya Mwape.

CLÉMENT: Na haukuambia muntu.

LÉONIE: Niambie nani? Muntu gani atakunywa munkoyo ya mwanamuke mwenye haonje? Na mwezi wa tano, usicheke, baliniita mu salle moja kubwa mu ville, kuzungumuza na vijana benye kutaka kuanza kampuni. Passion. Balitaka niseme mambo ya passion. Nikasimama na micro, nikabaambia, mukipenda kazi yenu kabisa, yote ingine itafuata. Binti moja alilia. Alinishika mukono akasema, mama, nimekuelewa. Na mu sakoshi yangu niko na chupa yangu mwenyewe, na siwezi kujua kama iko munkoyo ao mafuta ya kupaka.

(Ku upande wa Clément kiti inakwaruza chini.)

LÉONIE: Uko?

CLÉMENT: Niko.

LÉONIE: Hauseme kintu.

CLÉMENT: Yaya, nilijua.

LÉONIE: Ulijua nini?

CLÉMENT: Nilijua haujue ladha. Tangu Pasaka. Siku ya ubatizo.

LÉONIE: Unasema nini, weye?

CLÉMENT: Annie alitupikia chai. Mutoto mukubwa alikuwa amechanganya mikebe, akatia chumvi mu pahali pa sukari. Miye nilitia kidogo ku kinywa nikaitema dirishani. Nikageuka nikuambie uiache. Nikakuta umemaliza kikombe. Ukamuambia Annie, asante, iko tamu, niongezee. Akakuongezea. Ukakunywa ya pili.

(Kule Katuba mwiko moja inagonga ku pipa.)

LÉONIE: Ya pili pia.

CLÉMENT: Ya pili pia.

LÉONIE: Na haukuniambia.

CLÉMENT: Hapana.

LÉONIE: Miezi tatu. Uliniacha nisimame kila siku mbele ya—

CLÉMENT: Annie alisema, muite yaya yako pembeni umuambie. Nikamuambia, acha. Anajisifu na ulimi yake, imufundishe yenyewe. Nilikaa huku nangojea uanguke. Kila siku nikimaliza kupima mawe, nilikuwa naangalia simu kama kuko habari. Juzi Annie alipoona ile mambo, mbele ya huruma, ilinikuya kwanza furaha. Kidogo, lakini ilikuya. Kisha haikukuwa furaha tena. Sijalala siku mbili.

LÉONIE: Mungu wangu, Clément.

CLÉMENT: Unisamehe.

LÉONIE: Dot ya binti ya mama Abigaël iliharibika juu yetu bawili, basi.

CLÉMENT: Juu yetu bawili.

(Honi tena, mara mbili. Sauti ya bantu, kicheko, sandali ku saruji.)

LÉONIE: Bamefika. Banasimama mustari. Niambie basi nifanye nini. Mapipa ni ya jana, mizizi ni ya ule muuzaji, nilichagua yenye kukauka muzuri kwa macho. Labda iko muzuri. Inaweza kuwa iko muzuri kabisa. Nikikunywa na nikasema iko muzuri, hakuna muntu atabisha, juu Mwape haiko tena mu mustari.

CLÉMENT: Na batoto mia tatu batakunywa.

LÉONIE: Njo maana nilikuita. Uniambie kintu ya kuangalia. Kintu moja tu.

CLÉMENT: Hakuna, yaya. Ningekuwa na vikaratasi pale... Mwape anaishi wapi sasa? Tuma Gauthier amulete.

LÉONIE: Haina lazima ya kumuleta. Iko hapa.

CLÉMENT: Iko hapa wapi?

LÉONIE: Ku mulango. Alikuya kuchukua mwiko yake, ile alitoka nayo Pweto. Hataki kuingia. Anasimama inje na kitambaa yake nyeusi, anangojea muntu amupatie mwiko.

CLÉMENT: Basi mupatie kikombe.

LÉONIE: Mbele ya bote?

CLÉMENT: Ulimufukuza mbele ya bote.

LÉONIE: Clément, nikimupatia ile kikombe, miye ninabaki nani? Étiquette iko na sura yangu. Masista banasema munkoyo ya mama Léonie. Hii kampuni ni kinywa yangu, haina kintu ingine. Sina masomo kama weye, sina diplôme. Niko na hii tu, na imekufa.

CLÉMENT: Yaya, mwaka ya mwisho ya mama, alipokuwa anakunywa ile dawa yenye ilimuharibu kinywa. Nani alikuwa anaonja?

(Léonie anasogea karibu ya mulango.)

CLÉMENT: Unakumbuka.

LÉONIE: Alikuwa anamupatia Mwape.

CLÉMENT: Ku kitanda pale. Anamuangalia Mwape akikunywa, anamuuliza, iko namna gani, na Mwape anamuambia. Mama hakuwa mama tena?

LÉONIE: Nilifikiri anafanya vile kumupatia Mwape heshima. Kumbe hakuwa anasikia kintu.

CLÉMENT: Hakuwa anasikia kintu. Na munkoyo ya mwaka ile ilikuwa namna gani?

LÉONIE: Muzuri. (Anapumua.) Ilikuwa muzuri sana.

(Réseau inakatika, inarudi.)

LÉONIE: ...usikate. Naweka simu mu mufuko ya tablier. Usikate, unasikia? Sitaki kuwa peke yangu.

CLÉMENT: Niko. Enda.

(Kitambaa inasugua ku simu. Hatua. Kelele ya bantu inapungua, inanyamaza.)

LÉONIE (mbali kidogo): Mulamuka muzuri, bantu bangu. Leo sikunywe. Musiniangalie vile, niko muzima. Mwape, kuya hapa. Mama Mwape. Nakuomba, ingia.

MWAPE (mbali): Nilikuya kuchukua mwiko yangu tu, mama.

LÉONIE: Najua. Utaichukua. Mbele ya kuichukua, nikuombe kintu. Siku ya posho nilikuuliza nani alikufundisha kuonja. Ni mama yangu njo alikufundisha, na nilikuwa najua. Na kuko ingine. Musikie bote. Tangu mwezi wa pili sisikie harufu, sisikie ladha. Hii kikombe nilikuwa nabadanganya nayo. Juzi nilikunywa kintu yenye kuoza mbele ya bakwe ya bantu, sikujua.

(Mahali fulani mutoto analia, mama yake anamunyamazisha.)

LÉONIE: Shika. Onja weye.

MWAPE: Hapana, mama. Hii ni kikombe yako.

LÉONIE: Shika, Mwape. Leo ni yako.

(Clément anangojea na simu ku sikio. Mwape ananusa, anaonja, anatema.)

MWAPE: Mama, nikisema kweli, utanifukuza tena?

LÉONIE: Sema.

MWAPE: Si ya batoto hii.

LÉONIE: Pipa zote tatu?

(Hatua. Kikombe inagonga ku pipa ya pili. Kikombe inagonga ku pipa ya tatu.)

MWAPE: Zote tatu, mama. Ni ile mizizi. Inaanza tu, kesho ingenuka. Leo ingebapitisha batoto tumbo.

(Muntu moja anasema "masista batasema nini", mwingine anamuambia anyamaze.)

LÉONIE: Mumesikia. Mwangeni.

CLÉMENT: Yaya—

LÉONIE: Mwangeni yote. Gauthier, acha tricycle, kuya usaidie. Nitaenda miye mwenyewe kubaambia masista, na miguu yangu. Kisha nitapita kwa mama Abigaël.

(Pipa ya kwanza inainama. Sauti nzito ya kumwangika, inaendelea wakati murefu. Kitambaa inasugua tena. Léonie anatoa simu mu mufuko.)

LÉONIE: Clément? Uko?

CLÉMENT: Niko. Nasikia.

LÉONIE: Siku nzima ya kazi ya bantu saba iko inaenda mu mufereji. Mwape anavaa tablier. Hajaniangalia bado.

CLÉMENT: Atakuangalia.

LÉONIE: Labda. Masista habataita tena, hiyo najua. Na ile étiquette, sijue tutafanya nayo nini.

CLÉMENT: Napanda gari ya Likasi asubuhi hii. Magaribi niko Katuba.

LÉONIE: Na kazi yako ya huko?

CLÉMENT: Mawe itangojea. Napitia kwa muntu moja Likasi, iko na ile vikaratasi.

LÉONIE: Sitazitia mu moto.

CLÉMENT: Najua. Nitabaki siku mbili ao tatu, yaya. Sikuahidi zaidi.

LÉONIE: Siku mbili iko mingi.

(Sauti ya mwanamuke wa mashini, na kifransa: "Vos unités...")

LÉONIE: Unité inaisha. Musalimie Annie. Clément?

CLÉMENT: Yaya.

LÉONIE: Ile chai. Ilikuwa na chumvi mingi?

CLÉMENT: Mingi, yaya. Mingi sana.

LÉONIE: Muambie Annie alifanya muzuri kuniongez—

(Simu inakatika.)